Maji Yaliyolala Kiooni

Injini yenyewe ni ndogo, ya reli nyembamba, hata paa la jiko langu haifiki. Ilivuta miwa kule chini upande wa ziwa, na marehemu mume wangu aliilisha kuni miaka mingi. Wale aliofanya nao kazi humo nawajua kwa majina, mmoja mmoja, wamelala, niwaache. Matrekta yalipokuja ikatupwa nyasini. Mhindi mwenye duka la vyuma mjini Kisii akainunua aikatekate. Mume wangu alimsihi mpaka akabadili nia, akaipeleka kwa lori hadi uwanja wake wa Masimba. Kila Jumamosi mzee wangu alienda kuipaka grisi, mpaka akafa.

Majuzi mwenye duka akaniita. Fundi kutoka Kisumu ameitengeneza, inawashwa. Nikakuta watoto wa shule wamepangwa kando ya kipande cha reli, wanangoja kupandishwa.

Nikapanda nione. Moto ulikuwa unanguruma. Nikatazama kioo, kile kibomba cha kuonyesha maji ya ndani ya boila, tangi la mvuke. Maji yalikuwa nusu, lakini yametulia kama ya kikombe. Nilipokuwa nikimpelekea mzee chakula aliniambia mara nyingi: moto ukikolea, maji hucheza kiooni. Yakilala, usiyaamini.

"Fundi, maji haya yamelala."

"Nyanya, si unaona ni nusu?"

"Naona. Yamelala."

Akacheka. "Hii si sufuria ya ugali, mama yangu."

"Sufuria ikikauka inanuka. Hii ikikauka inatuua."

"Mama, usitishe watoto," mwenye duka akasema kutoka chini.

Nikamwambia fundi afungue koki iliyo chini ya kioo. Akafungua ili ninyamaze tu. Maji yakamwagika, kioo kikabaki kitupu. Akafunga, tukangoja yapande. Hayakupanda. Tundu la chini la kuyaleta lilikuwa limeziba. Asubuhi yote fundi alikuwa anatazama maji yaliyofungiwa kiooni, si ya boila.

Kicheko kikamwisha. Akarukia pampu aongeze maji. Nikamkamata shati.

"Maji baridi juu ya chuma kilichoiva? Unataka kutulipua? Toa moto kwanza!"

Nikawapigia walimu kelele kwa Kikisii, wakakimbiza watoto hadi nyuma ya ghala. Fundi akashika reki, akavuta makaa yote chini, jasho linamtiririka. Tukajificha nyuma ya ukuta tukisikiliza chuma kikilia, tik, tik, mpaka kikapoa.

Alipopima, maji yalikuwa yamebaki kidole kimoja tu juu ya paa la tanuri la moto; yangeshuka hapo, tungelipuka.

"Naikata," mwenye duka akasema. "Wiki hii hii."

"Usiikate, mzee," fundi akasema. "Kosa ni langu, si la injini."

Mwenye duka akanigeukia. Nikamwambia fundi akifungue kile kioo palepale, mbele yetu. Akaingiza waya tunduni, akachokoa. Ukatoka uchafu mweupe, mgumu kama ukoko. Mwenye duka akauchukua, akausaga kwa vidole.

"Chokoa na lile tundu la juu," akamwambia.