Habari ya Kambodia kwa Jirani Yangu Mrundi

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiachia darasa la sita, kule kwetu Kivu Kusini, na Kiswahili changu kimechanganyika na cha Warundi wa hapa Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na cha Waganda wa sokoni. Lakini niliyoyaona kwa Wakhmer, wenyeji wa Kambodia, niliyaona kwa macho yangu, na kuna mtu mmoja aliyekuwa anayangoja. Nitayaweka jinsi yalivyokuwa. Nikizidisha, mnisamehe.

Mtu huyo ni jirani yangu, mama mzee wa Kirundi. Sote tunamwita mukecuru, yaani bibi, kwa heshima. Mabasi ya kuwarudisha Warundi kwao yalikuwa yanaondoka hapa Nakivale, na mwanaye mkubwa alitaka waende. Yeye hakukataa wala hakukubali. Shamba lake la kule alimwachia shemeji yake, na tangu hapo hajapata neno la kueleweka: liko, au lilishachukuliwa? Aliposikia kwamba kikundi chetu cha akina mama wa muhogo kimenichagua niende Kambodia na bwana shamba wa mji wa Kaberebere, tukaone wakulima wa kule wanavyokausha, alikuja mlangoni kwangu.

"Ile inchi, nasikia watu wake wengi balikimbia vita, balikaa mu kambi, halafu bakarudi."

"Nasikia hivyo, mukecuru."

"Basi muhogo utauangalia wewe. Mimi uniangalilie watu. Walikuta mashamba yao? Na usiniletee maneno ya kunifurahisha. Ya kunifurahisha mwanangu ananiletea kila siku."

Nikaondoka na kazi mbili.

Upande ule wa Kambodia tuliofika ni tambarare, jicho halipati kilima cha kupumzikia. Mimi niliyezaliwa milimani na kuhamia vilima vya hapa Isingiro, siku za mwanzo nilikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo. Maji ya mpunga yanalala mpaka mwisho wa macho. Muhogo wanaukatakata na kuuanika kando ya barabara, hawauloweki kama sisi, maana wao wanauuza kiwandani na chunguni unaingia kidogo tu. Nikasema moyoni kwamba unga wetu una kazi zaidi. Labda ni majivuno, lakini ndivyo nilivyosema.

Walitupeleka pia Angkor, kwenye mahekalu ya mawe ya wazee wao. Siwezi kuyaeleza. Kijana aliyetuongoza alipapasa ukuta mmoja kama mtu anayepapasa ng'ombe wa baba yake, akasema, "Hawa ni babu zetu." Wakati huo ndipo nilipowaza jambo ambalo sijaacha kuliwaza. Mtu aliyekimbia, wanaomwona hudhani habari zake zimeanzia kwenye hema. Yeye mwenyewe hufika mahali akadhani hivyo. Watu wale walikimbia, walishinda na njaa, walizika bila makaburi, na bado walikuwa na babu wa kuonyesha. Niliona fahari, ingawa mawe hayakuwa yangu.

Nyumba tuliyofikia ilisimama juu ya nguzo. Unaacha viatu chini, unapanda ngazi. Juu kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka alikaa bibi wa nyumba, mama wa mwenyeji wetu, na nyuma yake madhabahu ndogo ya sala. Nikakaa kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu: mgongo wima, miguu yote miwili imenyooka mbele, kitenge kimefunika magoti. Kwetu mwanamke anayekunja miguu mbele ya wakubwa anaonekana hana malezi. Nikaona mwenyeji wangu anaitazama miguu yangu. Bwana shamba akaninong'oneza, "Mama, kunja miguu. Hapa nyayo hazielekezwi kwa mtu mkubwa, na zako zinamtazama bibi na madhabahu yake pamoja."

Nilitamani ngazi inishushe peke yake. Kabla sijakunja, yule bibi alivua kitambaa chake cha miraba shingoni, akanifunika nacho nyayo, akaendelea kutafuna tambuu yake. Akasema kitu. Kikatafsiriwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kikanifikia hivi: "Mwacheni, magoti ya mkulima yanauma." Hakusema mkimbizi. Majirani walipopanda kutuona, mwenyeji alinitambulisha vilevile, mkulima wa muhogo kutoka Afrika. Nilikuwa sijaitwa hivyo na mgeni kwa muda mrefu, na sioni haya kusema kwamba nilinyoosha shingo.

Baada ya kula ndipo nikauliza swali la mukecuru. Bibi alijibu polepole. Aliishi kambini ng'ambo ya mpaka hadi binti yake, huyu mwenyeji wetu, akawa msichana mkubwa. Waliporudi walikuta jamaa nyingine imejenga shambani kwao, na watoto wa jamaa hiyo wamezaliwa hapo hapo. Wakapewa kipande kingine pembeni ya msitu. Kilikuwa na mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kaka wa mwenyeji wetu alipoteza mguu katika kulima mwaka wa kwanza. Baadaye wataalamu walikuja wakayatoa, na sasa muhogo umesimama pale kunizidi mimi kimo. Niliomba kumpiga picha yule kaka. Akasema ningoje. Akaenda kubadili shati.

Niliporudi nilipitia Mbarara kutoa picha, kwa sababu ndani ya simu mukecuru haoni vizuri. Mwenye studio alikuwa mwanajeshi zamani, Kiswahili alikitoa huko.

"Nyabo, mama, hii ya mawe iko muzuri. Hii ya mpunga, sawa. Hii ya mguu wacha."

"Itoe na hiyo, ndugu yangu."

"Watu wanataka kuona kitu ya kufurahisha. Hii utaogopesha watu bure."

"Kuna mtu aliniagiza."

"Aliagiza mguu?"

"Aliagiza habari."

Alicheka, lakini aliitoa. Haki isemwe, maneno yake nami nilikuwa nayo njiani. Sikutaka watu wa Rubondo wawaone wenyeji wangu kama watu wa kuhurumiwa. Kilichoniamua ni lile shati.

Kwetu msafiri huanza habari mlangoni pake, na hakatizwi mpaka arudi mlangoni. Wanakikundi walikuja, mukecuru akaja na viazi vitamu vya kunipokea. Alinivumilia mpaka Entebbe.

"Ndege utatuambia kesho," akasema. "Watu."

Nikamwambia, hivyo hivyo kama nilivyoandika hapa, na nikaongeza kwamba maneno yalipita midomo miwili kabla hayajanifikia, kwa hiyo siapi. Nilimwambia pia kwamba niliona nyumba moja tu. Wengine labda walipata mashamba yao, labda wengine hawakupata hata pembeni ya msitu. Alizishika picha mbili, ya bibi na ya yule kaka, akazitazama moja baada ya nyingine. Mwanaye alikuwa amesimama nyuma yake.

"Bibi huyu," akasema, "alijuta kurudi?"

Chumba kizima kilinitazama. Mwana alinitazama kuliko wote. Ningesema hapana, na ningependwa na mtu mmoja. Ningesema ndiyo, na ningebaki na jirani yangu.

"Sikumwuliza, mukecuru. Nilimwona anacheka, nilimwona anagombana na kuku. Lakini kujuta sikumwuliza."

"Umesafiri mpaka mwisho wa dunia na hilo hukuuliza," akasema mama mmoja wa kikundi.

"Mwacheni," mukecuru akasema. "Angekuwa mwongo angesema aliuliza." Kisha akamgeukia mwanaye. "Tutaenda. Lakini wewe acha kuniimbia shamba, shamba. Nitaenda nikijua huenda haliko, na nikipewa la pembeni nitalima la pembeni. Nilikuwa nangoja mtu aniambie hilo linawezekana, na linauma kiasi gani."

Siku ya basi alikuwa amevaa kitenge cha misa. Mimi si Mkatoliki, lakini nilikwenda na wenzake wa parokia mpaka pale mabasi yanapopakia. Sikuwa na uhakika kama nimetenda vizuri, na hata leo sina. Alipokaa dirishani aliniita.

"Maharage yangu uvune wewe. Watu wakikuuliza yalikuwa mangapi, useme yalivyokuwa."

Nimeyavuna juma hili. Si mengi, mvua ilikatika mapema. Lakini ni mazuri, yamejaa, na mtu akipita nikiyapeta ninamwambia bila kuulizwa kwamba ni ya jirani yangu, mkulima wa Burundi.