Watu Kumi na Mmoja wa Jina la Qamimi

Watu wa mtaa wa Haddadin wanasema Bi Wajiha alimfukuza mgeni wa Brazili kwa ajili ya nyumba. Wanasema mgeni alining'inia kwenye mlango wa lifti akilia, na yule ajuza hata kahawa hakumpa. Uongo mtupu. Lifti ya jengo lile haijasogea tangu mwaka juzi, mlango wake umefungwa kwa mnyororo. Kahawa mgeni alikunywa vikombe viwili, na biskuti za tende alizimaliza sahani nzima. Na hiyo nyumba inayosemwa iliuzwa na baba mkwe wa Bi Wajiha kabla yeye hajaolewa, leo ni duka la simu. Kilichotokea kilitokea Jumatatu asubuhi, mchana kweupe, na mashahidi wake wawili wako hai mpaka leo mjini Trablus, kaskazini mwa Lebanoni, mmoja wao akicheza domino kila siku, anayetaka akamuulize.

Bi Wajiha ana miaka sabini na minane. Thelathini na minne kati ya hiyo aliitumia kufundisha historia katika shule ya wasichana, na tisa ya mwisho ameishi mjane, ghorofa ya nne, magoti yote mawili yakimdai kila ngazi. Jina la Qamimi si lake. Mwanamke wa kwao haachi jina la baba yake kwa kuolewa: alizaliwa Barudi na kaburini ataandikwa Barudi. Ila serikali, katika daftari lake la raia, humtoa bibi harusi katika ukurasa wa baba yake na kumwandika katika ukurasa wa mumewe, na Bi Wajiha yumo katika ukurasa wa arobaini na moja wa Haddadin tangu alipoolewa na marehemu Ihsan. Jina lao, ukurasa wake. Na kwa kuwa wanaume waliozaliwa na jina lile hawakupenda kusoma, kazi ya kulilinda ikamwangukia yeye, kama vyombo vinavyomwangukia mgeni mwenye adabu aliyechelewa kuondoka mezani.

Qamimi ni jina la moto. Nyuma ya kila hamamu ya zamani, nyumba ya kuogea watu wote, palikuwa na tanuri la kupashia maji, nalo ndilo qamim, na palikuwa na mtu wa kulilisha usiku na mchana. Mtu mmoja wa kazi hiyo alikwenda kwa kadhi, miaka mia tatu iliyopita, kutoa ushahidi juu ya ukuta ulioanguka. Karani alimuuliza yeye ni nani, akataja kazi yake, na kazi ikageuka jina. Bi Wajiha aliusoma mstari ule kwa macho yake katika kitabu cha mahakama. Wenye ndimi wakiwaita ukoo wa samadi, maana tanuri lilikula samadi na takataka za mji mzima, yeye hakukana. Aliuliza tu, "Na babu zenu walioga kwa maji yaliyopashwa na nani?" Tena aliwakumbusha kwamba jioni kila nyumba ilipeleka chungu chake cha maharage kwa Qamimi, kikafukiwa katika majivu ya moto, alfajiri kikachukuliwa kimeiva. Vyungu sitini, sabini, vyote vyeusi, na hakuna aliyewahi kurudishiwa cha mwenzake.

Leo hamamu ile ni magofu, na jina nalo linaelekea huko. Bi Wajiha amewahesabu katika daftari la shule lenye jalada la kijani. Lebanoni nzima, wanaobeba jina la Qamimi ni kumi na mmoja. Saba ni wanawake, wakiwemo binti zake watatu, ambao jina wanalo lakini hawawezi kumwachia mtoto. Wanne ni wanaume, wote wamepita miaka sitini, na hakuna mwenye mtoto wa kiume. Mersin, Uturuki, alikuwepo mmoja, akafa. Basi.

Na Brazili? Kwa Brazili alikuwa ameacha nusu ukurasa mtupu wa daftari, kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Jumatatu ile, saa nne, Nazih alipiga hodi kwa ngumi. Nazih ni mdogo wake marehemu, mzee wa miaka sabini na minne, baba wa mabinti wanne.

"Shemeji, fungua! Nimekuletea damu yetu!"

"Mlete polepole," alijibu Bi Wajiha akitafuta viatu vyake, "isije ikamwagika kwenye ngazi."

Waliingia watatu, wote wakitweta. Nyuma ya Nazih alikuja mukhtari wa mtaa, Abu Marwan, ambaye huthibitisha kila kizazi na kila kifo cha Haddadin na muhuri wake hutembea nao mfukoni kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Na nyuma ya mukhtari, bwana mmoja mwenye kipara na koti lililokunjamana kwa safari. Aliitwa Omar Qamimi, mfamasia, miaka hamsini na minane. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni kwa babu yake: majina ya vyakula, dua mbili tatu, na matusi ya zamani ambayo hata mjini hayatukanwi tena.

"Mimi furaha," alisema, mkono kifuani. "Wewe shangazi?"

"Kaa kwanza, baba. Ukoo haukimbii."

Umeme wa serikali ulikuwa umekatika na jenereta la mtaa lilikuwa bado halijawashwa, hivyo kahawa ilichemka kwenye jiko la gesi na wote wakakaa karibu na dirisha. Omar alitoa simu. Kulikuwa na picha ya watu wamejipanga uwanjani, wazee kwenye viti, watoto chini, wote na fulana za manjano zenye jina moja kifuani.

"Mia moja sitini na tatu," alisema. "Na mmoja," akagusa tumbo lake, "ndani mke ya mtoto wangu."

"Umeona, shemeji?" Machozi yalimlengalenga Nazih. "Sisi hapa tunazikana, kumbe kule tunachipua kama mnanaa."

Bi Wajiha aliiangalia picha ile muda mrefu. Hakumwona hata mmoja mwenye pua ya Ihsan. Alikuwa amechoka kabla ya siku kuanza, na sasa alijisikia kama mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali, kisha akaambiwa kisima kimehamishwa.

Mukhtari alikunjua karatasi. Ilisema kwamba Rashad, aliyehamia Brazili mwaka elfu moja mia tisa kumi na mbili, alikuwa mwana wa Mustafa Qamimi, babu yake Nazih, wa ukurasa wa arobaini na moja, na wanaotia sahihi, watu wazima wawili wa ukurasa huo, wanathibitisha, ili wazao wake nao waandikwe humo. Sahihi ya Nazih ilikuwepo tayari, imepinda kama mkia wa paka. Chini yake palisubiri nafasi moja.

"Wewe ndiye kumbukumbu ya nyumba ile, Mwalimu," alisema mukhtari. "Ukitia sahihi wewe, hakuna wa kuuliza tena."

Pembeni ya karatasi Omar aliweka pasi ya kusafiria ya babu yake, ya zamani, kingo zimeliwa. Bi Wajiha alivaa miwani. Rashad, alizaliwa Juni, mwaka elfu moja mia nane tisini na nne. Aliondoa miwani, akaifuta, akasema anakwenda kuangalia kahawa. Nazih akamfuata jikoni.

"Unangoja nini? Tumebaki wanaume wanne, shemeji, na wote hatushiki mimba!"

"Baba yako alizaliwa mwezi gani?"

"Marehemu Abdulghani? Aprili. Aprili ya..."

"Aprili ya mwaka uleule," alimmalizia Bi Wajiha. "Bibi yako Zamzam alijifungua Aprili, kisha akajifungua tena Juni? Alikuwa mwanamke au sungura?"

Nazih alijua anaambiwa nini. Kila mtu Haddadin alijua. Tangu zama hizo watu walisema kwamba Mustafa Qamimi alizaa nje, na mwanamke mmoja wa pale hamamuni, na kwamba Zamzam alilazimishwa kumlea mwanaharamu wa mumewe pamoja na mwanawe mwenyewe. Porojo hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia, na kila kizazi kiliipasha moto upya.

"Watu wameshasahau," alisema Nazih kwa sauti ndogo.

"Hebu chungulia sebuleni. Mukhtari anahesabu miezi kwa vidole chini ya meza. Leo ni maneno ya vibarazani tu, Nazih. Nikitia sahihi, yatakuwa na muhuri. Mustafa, ambaye hakuwahi kumgusa mwanamke asiye wake, atakuwa mzinzi kwa maandishi yangu mimi."

"Na usipotia, jina linakufa na sisi."

"Linakufa, ndiyo."

"Na wewe wala hulii!"

"Nilishalia. Wewe ulikuwa kwenye domino."

Alichokuwa akikijua alikipata kwa Zamzam mwenyewe, mwaka wa pili wa ndoa yake. Ajuza yule alikuwa na miaka tisini na kitu, haoni, na bibi harusi mpya ndiye pekee katika nyumba aliyekuwa na subira ya kumsomea gazeti. Siku moja alimwambia weka gazeti, akamsimulia yote, mwanzo hadi mwisho. Miaka zaidi ya hamsini Bi Wajiha hakumwambia mtu, hata Ihsan. Aliona kimya ndiyo heshima. Lakini kimya chake ndicho kilichowaachia watu nafasi ya kusema, na sasa kilikuwa kimemleta mtu kutoka ng'ambo ya bahari mbili, na kipara chake na fulana zake za manjano, kuja kuomba uongo bila kujua kwamba ni uongo.

Alirudi sebuleni na kahawa. Alikaa, akamsogelea Omar, akasema polepole ili aelewe.

"Babu yako hakuzaliwa na Mustafa. Hakuzaliwa na Zamzam pia. Mustafa alimkuta alfajiri moja kwenye tanuri, katika kapu, kati ya vyungu vya watu, pale penye joto. Aliyemweka alijua kwamba kwa Qamimi kitu hakipotei. Zamzam alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Akamchukua huyu kwenye ziwa la pili, akawanyonyesha wote wawili miaka miwili."

Mukhtari aliacha kuhesabu vidole.

"Walisubiri mwenye kapu arudi," aliendelea. "Hakurudi. Kwa kadhi aliandikwa Rashad mwana wa Abdallah, kama wanavyoandikwa wasio na baba anayejulikana, kwa sababu dini hairuhusu kumpa mtoto nasaba isiyo yake. Alipofika bandarini wakamuuliza jina la ukoo. Kijana wa miaka kumi na minane, hana jingine. Akataja la nyumba iliyomnyonyesha."

Alichukua kalamu. Hakutia sahihi. Aliandika chini ya karatasi, kwa mwandiko uleule wa ubaoni, kwamba Rashad hakuwa mwana wa Mustafa kwa damu, wala si kwa halali wala si kwa haramu. Kwamba alikuwa mwana wa Zamzam kwa maziwa, na ndugu wa Abdulghani kwa maziwa. Ndipo akatia sahihi: Wajiha Barudi, mjane wa Ihsan Qamimi.

Mukhtari aliisoma mara mbili. "Mwalimu, hii siwezi kuigonga muhuri. Serikali haina safu ya maziwa."

"Sikukuomba muhuri. Nimekuomba uisome. Kisha ukaisome kwa sauti pale kwa kinyozi, mnaposomeana mengine."

Nazih alisimama, akakaa, akasimama tena. "Umetuua," alisema. "Wallahi umetuua kwa kalamu." Akatoka bila kuaga, na walimsikia akishuka ngazi moja moja, akitukana kila moja.

Omar hakulia. Wanaosema alilia hawakuwepo. Aliikunja pasi ya babu yake katika kitambaa, taratibu, akauliza, "Zamzam... pendo? Babu yangu?"

"Alikuwa amesahau jina langu mimi niliyemlisha," alisema Bi Wajiha. "La babu yako hakulisahau. Alikuwa akiniuliza kama Rashad ameandika barua."

"Watu mia moja sitini na tatu. Mimi sema nini wao?"

"Waambie ukweli. Fulana wasivue. Jina hilo babu yenu hakuliiba, na mimi silidai. Ila katika ukurasa hamuwezi kuingia."

Omar aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Jenereta la mtaa liliunguruma, taa ikawaka bila ya kuhitajika. Mukhtari alivuta kiti chake mbele, na sauti yake ikawa laini ghafla, sauti ya mtu anayenusa chungu cha mwenzake.

"Na mama mtu, Mwalimu? Aliyeacha kapu? Zamzam hakumjua?"

"Alimjua. Aliitambua nguo aliyofungiwa mtoto."

Omar alishika mkono wa kiti. "Nani? Mama, tafadhali. Nani?"

"Hata herufi ya kwanza tu," alisema mukhtari. "Wako bado hapa mjini?"

Bi Wajiha alimtazama Omar, si mukhtari. Alimwonea huruma, na uchovu wake ulikuwa mkubwa kuliko huruma. Jina la Qamimi alikuwa amelisafisha. Kulisafisha kwa kupaka watu wengine, watu wenye mabinti na wajukuu na maduka yenye majina mlangoni, watu ambao hawajui, hiyo haikuwa kazi yake.

"Jina lake ninalijua," alisema. "Alinikabidhi Zamzam na sitamkabidhi mtu. Si wewe, mwanangu, samahani. Si serikali, si binti zangu. Kunywa kahawa yako."

"Lakini Mwalimu..."

"Sisemi, Abu Marwan. Msiniulize tena."