Kopo la Winnie kwenye sufuria ya Justa

Jua ndiyo kwanza linachungulia upande wa Usagara, na tayari Justa Luhende anagombana na moshi ufukweni Kigongo, kando ya Ziwa Victoria. Anaupungia mkono, anakoroga uji kwa mwiko, anaonja, kisha anatupa jicho kwenye vikapu vilivyopangwa kando ya mafiga.

"Nani kaleta hii?" anauliza, akiinua kifuko cheusi.

"Karanga hizo, dada. Nimezisaga mwenyewe."

"Fungua nione."

Kifuko kinafunguliwa, kinanuswa, kinapita. Karanga zinamiminwa kwenye uji na wanawake waliokaa kwenye mchanga wanaanza kucheka. Ukaguzi huu una historia, na kila mmoja hapa anaikumbuka kwa tumbo lake.

Leo ni siku ya mashindano ya mitumbwi. Justa, mwenye umri wa miaka 46, ni nahodha wa timu ya wanawake kumi, karibu wote waanika dagaa kama yeye. Lakini leo hatakaa kwenye usukani. Atakayekaa hapo ni mtoto wa mdogo wake, Winnie, msichana wa miaka 18 ambaye tangu afike hajamaliza hata nusu kikombe cha uji kwa woga.

"Kunywa," Justa anamwambia.

"Nakunywa, mama mkubwa."

"Unaupooza. Nimesema kunywa."

Kwa miaka mingi Justa aliuza samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha kwa abiria waliosubiri kivuko cha kwenda Busisi. Daraja lilipofunguliwa, magari yakaanza kupita juu bila kusimama, na wateja wake wakapita nayo. "Nililifurahia daraja kama Mtanzania," anasema, "nikalinunia kama mfanyabiashara."

Akahamia kwenye dagaa. Siku ya jua kali hubaki na kama shilingi elfu kumi na tano. Mvua ikimkuta dagaa wakiwa chini, hubaki na harufu. Kubeba magunia na kugeuza dagaa juani kumempa mikono ambayo wanaume wa hapa huitania kwa mbali, wakiwa wameshahakikisha pana nafasi ya kukimbilia.

Mikono hiyo ndiyo iliyomtia Winnie matatani.

Tangu mwaka jana bega la kulia la Justa linauma, na timu nzima inajua kwamba usukani unahitaji mrithi. Winnie, aliyemaliza kidato cha nne na kuungana na mama yake mkubwa kwenye kuanika, aliutamani usukani huo kuliko kitu chochote. "Niliangalia mikono ya mama mkubwa, nikaangalia ya kwangu," anasema. "Nikaona mimi nimebeba vijiti vya mishikaki."

Kijana mmoja wa gym, mjini, akamuuzia kopo la unga wa kujenga misuli kwa shilingi elfu tisini, akiba yake yote. Alimwambia mwezi ukiisha hatajitambua kwenye kioo. Winnie akaanza kuunywa asubuhi na jioni kwa siri, na ili unga ufanye kazi vizuri, akaacha ugali.

Siri hiyo ndiyo iliyokuwa na hatari kuliko unga. Timu hii ina mila moja isiyochezewa: kabla ya kuingia majini, wote wanakula sufuria moja. Kila mtu huleta alichojaliwa, iwe sukari, karanga au ndimu, anaweka kando ya mafiga, na mpishi wa siku hiyo anakitia bila kuuliza cha nani. Anayekula peke yake hapandi mtumbwi.

"Huwezi kuvuta kasia na mtu aliyekuficha chakula," anasema Justa. "Mtafika katikati ya ziwa, utaanza kujiuliza anakuficha nini kingine."

Asubuhi ya mbio za kirafiki dhidi ya wanawake wa ng'ambo, Busisi, wiki kadhaa zilizopita, Winnie aliacha kikapu chake karibu na mafiga akaenda kuchota maji yaliyoingia mtumbwini. Mpishi wa zamu alikuwa Bernadeta, mama wa mtoto wa miezi minane. Akaona kopo.

"Nilinusa, linanukia chokoleti. Nikasema leo mtoto ametukumbuka," anasimulia Bernadeta. "Juu kulikuwa na picha ya mwanamume asiye na shati. Sikumjali. Siku hizi hata kwenye sabuni wapo."

Akamimina lote.

Winnie aliporudi alikuta kopo tupu na wenzake wanaongezeana vikombe. "Umeweka yote?" aliuliza. Bernadeta akamjibu kwa upendo kabisa, "Si umetuletea?"

Msichana akachukua kikombe chake. Kusema ukweli kulikuwa na maana ya kukiri kwamba alikuwa akila peke yake, na kiti chake mtumbwini kingeondoka asubuhi hiyohiyo. Akanywa funda moja, akapanda na wenzake.

Katikati ya maji ndipo kopo lilipoanza kuongea. Justa alisikia moyo unamdunda mpaka akadhani kuna mtu anamgonga mgongoni. Wengine walishikwa na matumbo. Bernadeta alijikunja chini ya kiti akisali. Kisha Justa naye akapinda, kasia la usukani likamponyoka, na mtumbwi ukageuka ubavu kwenye upepo huku mawimbi yakianza kuingia.

Winnie aliruka nyuma, akalidaka kasia, akalikaza chini ya kwapa na kuanza kuamrisha wanawake wanaomzidi umri mara mbili. Aliunyoosha mtumbwi, akaupeleka moja kwa moja kwenye matete.

"Hatujawahi kupiga kasia kwa kasi ile," anasema Justa. "Wapinzani walidhani tumegundua njia ya mkato. Mtumbwi ulipogusa matete tu, wakaona timu nzima imepotea."

Ni hapo kwenye matete Winnie alipolia na kusema yote.

Kwenye zahanati, afisa lishe Jovinary Ishengoma alianza kwa kucheka, na hakuna aliyemlaumu. Alipoligeuza kopo mkononi akaacha. Karatasi yenye picha ilikuwa imebandikwa juu ya karatasi nyingine. Hapakuwa na jina la mtengenezaji wala maelezo ya kilichomo.

"Sisemi unga wa protini ni sumu," Ishengoma anamweleza mwandishi. "Wapo wanamichezo watu wazima wanaoutumia, wanajua wanachokunywa na kuna mtaalamu anayewafuatilia. Lakini kijana ambaye mwili wake bado unakua, mimi nitamwanzishia kwenye sahani. Na lile kopo hata mimi sijui lilikuwa na nini. Mioyo ya kina mama ilivyokuwa inakimbia, sidhani kama ilikuwa protini peke yake."

Wote walipona, na mtoto wa Bernadeta alipimwa akaonekana mzima. Kisha Ishengoma akamgeukia Winnie, yakaanza mazungumzo ambayo timu nzima sasa inayaigiza ikiwa na nafasi.

"Asubuhi unakula nini?"

"Kopo."

"Na mchana?"

"Mchana naanika dagaa."

"Sijakuuliza unaanika nini."

Msichana alikuwa akishinda juani na magunia ya chakula cha kujenga mwili, akirudi nyumbani na njaa. Ishengoma alimpangia ugali, dagaa, maharage, maziwa yakipatikana, na usingizi. "Ukimkataza kijana kopo bila kumwambia ale nini, umemwacha na njaa yake," anasema. "Atarudi kwa yuleyule muuzaji."

Kesi ikabaki ya timu. Wapo waliotaka Winnie ashuke mtumbwini kabisa, maana mila ni mila. Bernadeta, ambaye ndiye angekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote, akasimama.

"Kuficha alificha," alisema. "Lakini mimi nilikuwa chini ya kiti, na aliyenirudisha kwa mwanangu ni huyu."

Justa akatoa hukumu. Winnie atakula na wenzake kila siku, tena wakimwona. Hakuna kitu kigeni kitakachoingia sufuriani bila kufunguliwa, na kisichomfaa anayenyonyesha hakimfai yeyote. La tatu liliwashangaza: siku ya mashindano, usukani ataushika Winnie.

Aliyekataa ni Winnie mwenyewe. Aliamini kabisa kwamba nguvu ya siku ile ilitoka kwenye kopo.

"Mama mkubwa, kopo limeisha," alimwambia.

"Ndiyo maana nakupa," Justa akamjibu.

Tangu hapo amekuwa akifanya mazoezi na kula, lakini shaka haijamtoka. Leo asubuhi bado anazishika sehemu za juu za mikono yake kama mtu anayepima nyanya sokoni. Ni myembamba, hilo halina ubishi.

Filimbi inalia.

Mitumbwi sita inaondoka kwa pamoja na ufukwe unalipuka. Watu wamekuja kutoka Sengerema kwa pikipiki, wengine wamepanda juu ya mawe, na mzee mmoja amevua kofia anaipunga kana kwamba ndiyo inayosukuma mitumbwi. Kwa mbali Winnie anaonekana nyuma, amesimama nusu. Justa amekaa kiti cha mbele kabisa, ambako hawezi kumwona wala kumsaidia.

Kuelekea kwenye boya la kugeukia, wako wa tatu. Wenyeji wa mchezo huu wanakwambia mbio zinaamuliwa pale. Mshika usukani anatakiwa kulisimika kasia majini na kulishikilia wakati mtumbwi mzima unalivuta limponyoke. Akilegea, mtumbwi unazunguka kwa mbali kama lori, na wapinzani wanapita ndani.

Mtumbwi wa kwanza unazunguka kwa mbali. Wa pili unaufuata. Winnie anasimika kasia, analala nalo karibu agusane na maji, na sauti yake inafika mpaka ufukweni ikiwaita wa upande wa kushoto wavute. Mtumbwi unageukia palepale, boya karibu likwaruze ubao. Mwandishi wa makala haya alikuwa amepanga kuandika kwa utulivu, lakini kalamu yake imeanguka majini na hajali.

Wanatoka kwenye kona wakiwa wa kwanza. Mtumbwi wa ng'ambo unawafuata, unawakaribia, pua yake sasa iko ubavuni kwao. Wanawake ufukweni wanapiga vigelegele kabla ya wakati. Justa anavuta kwa bega bovu na bega zima bila kubagua, na kwa tofauti isiyozidi urefu wa kasia, wanafika mbele.

Zawadi ni fedha kidogo na beberu mwenye hasira. Bernadeta anamkamata kamba, anamkagua kuanzia pembe hadi mkia. "Huyu naye ni protini," anatangaza, "na karatasi yake haijabandikwa."

Winnie bado yuko mtumbwini. Vidole vimekakamaa kwenye kasia, vimegoma kufunguka. Justa anaingia majini na gauni lake, anaufungua mkono wa msichana kidole kimoja kimoja, kisha anaushika mkono huo mwembamba kwa viganja vyote viwili.

"Kopo liko wapi?" anamuuliza.

Winnie anatikisa kichwa huku machozi yakimshuka. Anacheka. "Nina njaa, mama mkubwa," anasema. "Kuna kilichobaki?"

Kilichobaki kipo, kimefunikwa kwa sinia. Winnie akiwa kwenye kikombe cha pili, Justa anamweleza mwandishi mpango wake: mwakani anataka mtumbwi wa pili, wa wasichana pekee, na Winnie awe mwalimu wao. Tayari wanne wameshaulizia, na mmoja wao ameulizia pia kama ni kweli lazima kula ugali.

Na yeye mwenyewe je, atapanda?

Justa anajisugua bega, anatazama mafiga yake, anatabasamu.

"Kasia nimeshamwachia," anasema. "Mwiko simpi mtu."