Taa ya Kijani ya Nekesa

Naikumbuka vyema, mwanangu, siku kompyuta yetu ya mtaa wa Batha, Riyadh, ilipoanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Nilikuwa kijana wa shule kidogo na ndoto nyingi. Nyuma ya duka la simu la mjomba nilikuwa nimeweka seva ya gumzo, ili ndugu zetu wa Riyadh na Jeddah, hasa dada wanaofanya kazi majumbani, wawe na baraza lao pasipo jicho la kafili, yule mwajiri anayeshika vibali vyao. Kila jina lilikuwa na taa ndogo ya kijani. Ikiwaka, mwenyewe yupo.

Basi prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikawa inalemewa na kazi kutwa kucha, ujumbe unachelewa. Na ujumbe wa dada aliyefungiwa chumbani, mwanangu, si wa kuchelewa.

Shee, dereva wa maghala ya Al-Sulay tuliyesimamia naye baraza, alikuwa na jibu tayari. "Ni huyo Nekesa wa Aziziya. Tangu aingie hajatoa hata salamu, taa yake inawaka, inazima, inawaka, inazima. Simu anayo madam wake, wallahi. Tunachunguzwa! Mtoe, halas, yaishe."

"Una hakika?"

"Lisemwalo lipo."

Shaka ni kama harufu ya gesi: ukishaisikia, hata jiko lililozimwa unaliogopa. Watu wakaacha kusema la maana barazani. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya jina la Nekesa.

Ndipo aliponipigia Bi Ruzuna wa Jeddah, aliyetulea sote wenye asili ya Unguja; habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Kompyuta inaumwa. Umeitazama inaumwa wapi?"

"Bado, bibi."

"Na huyo mtoto wa watu, umemuuliza hali?"

"Bado."

"Tabibu gani wewe? Mgonjwa hujamgusa, mchawi umeshampata!"

Nikafungua seva nione ni kazi gani inayokula nguvu. Hazikuwa picha watu walizotumiana, wala hakuwa mwizi wa habari. Zilikuwa zile taa zetu. Kila moja ikiwaka au kuzima, seva ilimpelekea habari kila mtu barazani. Na dada wengi wako kwenye nyumba ambazo mtandao hukatika ovyo, hivyo taa zao ziliwaka na kuzima kutwa, na habari hizo zikailemea seva.

Kisha nikampigia Nekesa.

"Kaka, mimi nalala huku juu kwa roof, network inakuja ikienda. Kuandika naogopa, najua mnanishuku. Naangaliaga tu hizo taa zenu. Nikiziona najua siko peke yangu."

Nikampigia tena Bi Ruzuna, nikamweleza yote. Dawa ya seva ilikuwa kuzizima taa hizo hizo.

"Zima," Bi Ruzuna akasema. "Taa haijui kumjulia mtu hali. Mmekuwa mkitazamana tu, hamsalimiani."

Nikazima. Prosesa ikashuka, feni ikanyamaza. Asubuhi iliyofuata aliyetangulia kuandika alikuwa Shee, Shee yule yule: "Nekesa, umeamkaje?"

"Salama. Mko?"

Baraza zima likaitika: tupo.

Usilolijua ni usiku wa kiza, mwanangu, na gizani kila kichaka ni mtu. Mashine ikilemewa, tafuta kazi inayoilemea kabla hujatafuta wa kumlaumu. Na aliyenyamaza, mjulie hali kwanza.

Mola akupe jicho lisilo na pupa. Na popote utakapolala ugenini, asikosekane wa kukuuliza umeamkaje.