Kiraba cha Tundu la Waya

Ile siku ya mashine ya kusaga kule kijijini Binza naikumbuka vizuri mno, mwanangu. Umenicheka leo kwa kukurudisha dukani ukanunue kiraba, basi kaa nikuambie. Pete za chuma za turubai unazijali, maana zikitoka kamba inachana turubai mbele ya macho yako. Hiki cha mpira, kinachovikwa tundu la bati ili ukingo wake usikate waya, hakionekani. Ndiyo maana mnakidharau.

Nilikuwa kijana mjuaji, we acha tu. Nilifunga mota ya mashine ya kusaga ya Kabula, mjane mwenye watoto watatu, mcheshi, hanyimi mtu unga. Tundu la waya nilitoboa kwenye boksi la bati, kiraba sina. Wanawake wamepanga ndoo za mahindi tangu asubuhi. Nikajisemea, aah, waya si una ganda lake? Nikawasha. Wakapiga vigelegele, kichwa kikanivimba.

Mashine ile ilitetemeka kutwa, wiki baada ya wiki, na bati likawa linakula waya wangu taratibu. Siku moja ya mvua Kabula aliingia pekupeku, miguu imelowa, akashika bodi ya mashine. Umeme haukumwachia mpaka alipokata roho.

Fundi aliyenifunza kazi, mzee Masunga, alifungua boksi lile akanionyesha shaba iliyobaki wazi. Hakunipiga. Nilitamani anipige.

"Kiraba kiko wapi?"

"Nilisahau, baba."

"Hukusahau. Twende ukamwambie mama yake."

Nilipiga magoti mbele ya yule bibi. "Mayu, mama yangu, ni mimi niliyemuua Kabula."

Alinitazama, kisha akauliza, "Watoto wake nimwachie nani nikifa?"

Yule mtoto wa mwisho wa Kabula sasa ni mtu mzima, yuko Malampaka. Tukikutana ananiamkia kwa heshima, "Shikamoo, baba," na amkio lile linanichoma kuliko tusi.

Kwa hiyo, mwanangu, kiraba kikikosekana, usiwashe. Waache watu warudi na mahindi yao, wakutukane njia nzima. Matusi utayazoea. Kabula mimi sijamzoea.

Haya, nenda dukani. Mungu akutangulie, akupe kazi nyingi, na wote utakaowawashia umeme uzeeke ukiwaona wazima.