Wivu wa Daw Pyone kwa Mbunge Wake

Daw Pyone, yaani Bi Pyone, msokota sigara wa mtaa wa sokoni, alikuwa na wivu, tena si wa kuficha. Aliutangaza mchana kweupe, na mdomo wake ukishafunguka, nani wa kuufunga?

Aliyemwonea wivu ni Daw Htay Yin, mwalimu waliyesoma naye dawati moja. Mwaka tisini, kwenye uchaguzi, Daw Pyone ndiye aliyepika gundi ya unga wa mchele akabandika picha za kofia ya mianzi, alama ya chama kilichowapinga majenerali watawala, kwenye kila nguzo mpaka vidole vikachubuka. Htay Yin alijiunga mwishoni kabisa, na shahada yake mkononi. Wazee wa chama wakamsimamisha yeye. Akashinda kwa kishindo, na kura moja katika hizo ilikuwa ya Daw Pyone mwenyewe, jambo lililomuuma kuliko yote.

Majenerali wakalikalia bunge lile miaka minane, wasiliitishe. Htay Yin hakuketi humo hata siku moja. Lakini mji mzima ulimwita Mheshimiwa, na kila walipomwita hivyo Daw Pyone alisonya. Walipomfukuza kazi Htay Yin, mwenzake akaona wivu. Walipomfunga mwaka mzima, akaona wivu zaidi. Mwaka huu wakamlazimisha kwenda ofisi ya wilaya kutia saini mara mbili kwa siku, asije akatorokea mji mkuu, Yangon. Daw Pyone akimwona anapita na mwavuli wake, husema, “Haya, malkia huyo! Hata kunyanyaswa kwenyewe wamempa yeye. Sisi wengine wa kupika gundi tu!”

Asubuhi moja Htay Yin akaacha njia ya ofisini, akaingia kwake.

“Nipe sigara hamsini, Pyone.”

“Wewe? Tangu lini unavuta? Moshi wa jikoni tu unakutoa roho.”

Htay Yin akamwekea mkononi karatasi iliyokunjwa. Akanong’ona kwamba chama kiliwapa majenerali siku ya mwisho ya kuitisha bunge, nao wamepuuza. Sasa kamati ya Yangon italiitisha yenyewe, kwa idhini ya waliochaguliwa.

“Wabunge wanazolewa kila mahali. Kesho ni zamu yangu. Hii ndiyo idhini yangu. Isipofika Yangon, kiti chetu hakitahesabiwa.”

“Kiti chako.”

“Pyone, wewe peke yako hawakushuku. Mji mzima unajua hunipendi.”

Jamani, neno lile lilimchoma! Alipobaki peke yake aliisoma karatasi, akaona “Mimi, niliyechaguliwa na wananchi,” akataka kuitia motoni. Hakuitia. Sigara zetu kichungi chake ni kipande cha gazeti kuukuu kinachoviringwa pamoja na ganda la hindi. Akaviringa idhini ile kama kichungi, akasokota sigara, akaifunga uzi mwekundu. Mpwa wake alikuwa anapanda meli ya mchana kwenda Yangon. Lakini roho mbaya ikamshika, akamwambia aahirishe safari.

“Kiti kimengoja miaka minane,” alijisemea, “na kingoje mpaka kesho. Naye aone uchungu wa kungoja.”

Kesho yake alfajiri Htay Yin akachukuliwa. Jua halijapanda, kapteni wa usalama akaja kwa Daw Pyone, akaketi mkekani mbele ya sinia la sigara, akatoa karatasi ya serikali.

“Mama, watu wanasema wewe unamjua vizuri yule mwalimu. Karatasi hii inasema wananchi wa jimbo hawana imani na mbunge wao. Jina lako tunataka liwe la kwanza.”

La kwanza! Miaka minane aliyatamani maneno hayo. Moyo ukamruka, kweli kabisa, wala hakuja kukana baadaye.

Mkono wa kapteni ukaenda kwenye sinia, ukagusa uzi mwekundu. Daw Pyone akaidaka sigara ile, akaitia mdomoni, akaiwasha.

“Samahani, mwanangu. Hiyo nilishaionja.”

“Si umekuwa ukisema hafai?”

“Nimesema. Na nikijaliwa nitasema tena.”

“Basi tia saini.”

Moto ulikuwa unapanda kuelekea kichungi. Akaacha kuvuta.

“Kapteni, mimi yule namwonea wivu. Nikimwona chakula hakishuki. Sasa niambie, mtu ataumwa roho kwa kitu ambacho mwenzake hana? Asingekuwa mbunge, mimi miaka yote hii ningehangaika na nini? Nilimpigia kura mimi. Kumtukana ni haki yangu. Wewe haikuhusu.”

Kapteni akasimama, uso umemwiva.

“Kuanzia leo utakuja ofisini kutia saini, mara mbili kwa siku!”

Alipoondoka tu, Daw Pyone akaizima sigara kwa kidole kitupu. Karatasi ilikuwa imeanza kuungua pembeni, lakini jina lilisomeka. Kipisi kile kikasafiri kwa meli ya mchana, ndani ya tumbaku ya mpwa wake.

Alasiri akachukua mwavuli, akaenda ofisini. Karani akamfungulia daftari. Juu kulikuwa na saini za Htay Yin, mistari na mistari, mpaka ya jana jioni. Chini yake hapakuwa na kitu.

Daw Pyone akaandika jina lake hapo.

“Umeona?” akamwambia karani, machozi yakimtoka. “Hata hapa Mheshimiwa amenitangulia.”