Maumivu ya Kichwa ya Kila Mwezi

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Baba alizima gari mbele ya maktaba hapa Sharpstown akasema, "Joto la Houston hili, mimi sikai garini. Naingia nawe."

"Baba, ni mambo ya wanawake."

"Mbunge wa jimbo mwanamume. Mbona yeye yumo?"

Nikafungua mlango, nikashuka naye. Kwetu, watu wa Mombasa, mambo haya hunong'onwa kwa mama tu, na Mama alikuwa zamu hospitalini.

Nianze nyuma kidogo. Shuleni kwetu mikoba lazima iwe ya plastiki inayoonyesha kila kilichomo, eti kwa usalama. Mimi ambaye kwa haya hata chipsi naagiziwa na rafiki, nitembee na pedi hadharani? Nilikuwa naziacha nyumbani. Siku zangu zikinikuta darasani naenda kwa nesi, maana pedi anazo yeye, kabatini, kwa kufuli. Nikifika nakuta wavulana wawili kwenye benchi, na mdomo wangu unajisemea wenyewe: "Kichwa kinaniuma." Napewa barafu. Narudi darasani na barafu kichwani na sweta kiunoni. Mwezi wa pili kichwa, wa tatu kichwa. Shule ikapiga simu nyumbani, na Baba, mtu wa vitendo, akanipeleka kwa daktari wa macho. Nikatoka na miwani.

Sasa kuna muswada wa kuweka pedi za bure kwenye vyoo vya shule. (Kodi ya pedi jimbo lilishaifuta, siku hiyo Mama alipiga kigelegele katikati ya duka, nikajificha nyuma ya sabuni.) Mbunge alitaka kusikia wananchi pale maktaba, kila mtu dakika mbili. Mwalimu alipitisha karatasi ya majina nami nikaandika langu, kwa sababu niliona haya kukataa.

Mpango wangu ulikuwa niseme Kiingereza cha mbio, Baba asidake kitu. Sikujua kwamba kwa ajili ya akina mama Wakongo waliojaa ukumbini wamemweka mkalimani wa Kiswahili, mzee mwenye sauti ya kuhubiri. Nikisema sentensi ananisimamisha kwa mkono, kisha anageukia ukumbi:

"Anasema ivi! Damu ya mwezi ikikuya, anasikia haya, anasema ni kichwa!"

Akina mama wakacheka hadi viti vikalia. "Sema yote, mutoto yetu! Usiogope!"

Mbunge akauliza kama barafu ilisaidia. Nikatikisa kichwa.

"Hapana!" akanguruma mkalimani, ingawa sikuwa nimesema neno.

Ilibaki sentensi moja kwenye karatasi niliyoandikia maneno yangu, ile ya miwani. Ningeweza kuiruka, nikakaa, na watu wasijue kamwe kwamba Baba alininunulia miwani kwa uongo wangu. Nikamtazama Baba. Alikuwa anaikagua feni ya dari kama anayetaka kuinunua. Nikaisoma. Mkalimani akaivua miwani yake mwenyewe, akaiinua juu, watu wote waone.

Mbunge alishukuru, akasema muswada bado una safari ndefu.

Garini, kwenye taa nyekundu ya tatu, Baba akanigeukia:

"Kwa hiyo kichwa hakikuumi?"

"Hakiumi, Baba."

"Hakijawahi?"

"Mara moja. Siku ile ya daktari wa macho."

Akakohoa, nikajua ni kicheko anakimeza. "Na miwani?"

"Ubao nauona vizuri zaidi nikiivaa."

"Basi vaa, mwanangu. Na yale mengine... mimi baba yako. Niambie hata kwa kifupi."

Asubuhi yake nilitia pakiti ya pedi mkobani, nyuma ya kitabu cha Baiolojia. Baba alikuwa mezani, macho ndani ya kikombe cha chai. Nilifika mlangoni, nikasimama, nikaitoa pakiti na kuirudisha mbele ya kitabu. Nikavaa miwani, nikaenda kungoja basi la shule.